Mama aliogopa juu, hatari ilikuwa chini

Video yenyewe haikufika hata dakika moja. Kijana mmoja wa Magu, mkoani Mwanza, ambaye sasa ni kinyozi Johannesburg, Afrika Kusini, aliituma kwa WhatsApp kwenye kundi la familia. Rafiki yake aliyebaki chini ndiye aliyerekodi. Kijana anaonekana amekaa kwenye kiti cha treni ndogo ya wazi. Treni inachomoka kituoni kama jiwe linalotoka kwenye teo, inapanda reli iliyojikunja kama kitanzi, na kwa kufumba na kufumbua vichwa vya abiria vinatazama ardhi na miguu inatazama mbingu. Inashuka, inapanda kilima cha chuma, inasimama kidogo huko juu kana kwamba imesahau kitu, kisha inarudi kinyumenyume ikipita kwenye kitanzi kilekile.

Nyumbani Magu video hiyo iliangaliwa kwa macho tofauti. Mdogo wake wa mwisho, binti wa kidato cha tatu, aliirudia mpaka simu ikaisha chaji. Mjomba aliuliza kiingilio ni kiasi gani, akaambiwa, akaanza kuhesabu zingepatikana bati ngapi za kumalizia chumba cha uani. Mama, muuza dagaa sokoni, hakuimaliza. Ilipofika kwenye kitanzi aliilaza simu kifudifudi juu ya meza, na usiku akapiga.

"Mwanangu, mji wenyewe kila siku tunasikia mabaya yake. Bado na wewe unakitafuta kifo kwa kukilipia?"

Kijana akacheka. "Mama, tunafungwa mkanda. Hatuwezi kudondoka."

Hilo ndilo jibu wanalotoa karibu watu wote waliopanda treni za aina hiyo, ambazo wengi wanaziita rola kosta, na ni jibu ambalo halimtulizi mama yeyote. Mkanda unaweza kukatika. Mama anajua mikanda. Amepanda hiace za Mwanza na Magu miaka mingi. Lakini jibu hilo lina kasoro nyingine kubwa zaidi. Kinachowazuia abiria wasidondoke pale juu, vichwa vikiwa chini, kwa sehemu kubwa si mkanda. Ni umbo la reli. Na umbo hilo liliwachukua mafundi miaka mingi kulipata, baada ya kuumiza shingo za watu wengi.

Kwa hiyo hofu ya mama haikuwa ya kijinga. Angekuwa anaishi New York mwaka 1895, angekuwa na haki ya kumzuia mwanawe kwa fimbo. Ila alikuwa anaangalia mahali pasipo. Yeye alitazama juu ya kitanzi. Hatari ilikuwa chini, pale treni inapoanza kupanda, ambapo kwenye video hakuna aliyepiga kelele.

Aliyelianza somo ni yule binti wa kidato cha tatu, tena bila daftari. Kesho yake jioni alichukua ndoo ndogo, akatia maji nusu, akasimama katikati ya uwanja na kuanza kuibembeza mbele na nyuma. Kisha akaizungusha mzunguko mzima, ndoo ikapita juu ya kichwa chake mdomo ukiwa chini. Halikudondoka tone. Akazungusha tena na tena. Mama aliyekuwa akichambua dagaa alipaza sauti: "Polepole, utaloa!" Binti akatii. Akapunguza kasi, na ndoo ilipofika juu maji yote yakamshukia kichwani.

Kuku walikimbia, mjomba akacheka mpaka akakohoa, na mama akabaki ameshika dagaa mmoja mkononi. "Kumbe ukiogopa ndipo unapomwagikiwa," alisema.

Watoto wa Magu wanaolinda mpunga dhidi ya kwelea kwelea wanalijua jambo hili kwa mikono yao, hata kama hawajawahi kulisikia darasani. Jiwe likiwa ndani ya teo linalozunguka kwa kasi halidondoki, liwe juu au chini. Kila kitu kilicho kwenye mwendo hutaka kwenda moja kwa moja. Kamba ya teo inalinyima jiwe njia hiyo, inalivuta likunje kona kila wakati. Ndoo nayo inayanyima maji njia yao: kitako chake kinayasukuma yafuate mzunguko. Pale juu maji yanavutwa na dunia kama kawaida, lakini ndoo inakunja kona kwa kasi kuliko maji yanavyoweza kuanguka, kwa hiyo kitako bado kinayagandamiza. Punguza kasi, na ndoo inakunja kona taratibu kuliko maji yanavyoanguka. Hapo maji yanaiacha ndoo.

Abiria wa treni ya kitanzi ni maji. Kiti ni kitako cha ndoo. Treni ikiwa na kasi ya kutosha, pale juu kabisa abiria anasukumwa na kiti kama aliyekalia benchi, ila benchi limegeuka.

Wengi wakifika hapa huona somo limekwisha: kumbe ni kasi tu. Wa kwanza waliojenga vitanzi nao walidhani hivyo.

Mchezo wenyewe ulianzia kwenye baridi. Warusi wa karne ya 17 walijenga miteremko ya mbao, wakaimwagia maji yagande kuwa barafu, wakateleza juu yake. Ndiyo maana mpaka leo Wafaransa wanaiita michezo hii "milima ya Kirusi." Mwaka 1817 Paris ilikuwa na miteremko yenye vigari vya magurudumu vilivyoshikwa na reli. Katika miaka ya 1840 Uingereza na Ufaransa zilijaribu kitanzi: kigari kinashuka mteremko, kinazunguka duara dogo la mita 4 hivi kwenda juu, kinatokea upande wa pili. Mafundi walikijaribu kwa mifuko ya mchanga kabla ya watu, jambo la busara. Lakini mchezo huo haukudumu.

Marekani ilianza kwa upole. Mwaka 1884, kwenye ufukwe wa Coney Island, New York, LaMarcus Thompson alifungua reli ya mawimbi ambayo mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa, baiskeli ya mwenye haraka ingeipita. Nauli ilikuwa senti 5. Watu walipanga foleni. Miaka 11 baadaye, palepale Coney Island, kikatokea kitanzi cha Lina Beecher kilichoitwa Flip Flap. Kilikuwa duara kamili lenye kipenyo cha mita 7 na nusu hivi, na kigari kilichobeba watu wawili.

Duara kamili. Ukimwambia mtoto yeyote achore kitanzi kwenye vumbi, atachora hicho. Hata fundi mzuri angechora hicho, kwa sababu duara ndilo umbo lililo rahisi kulipima na kulipinda. Na duara ndilo lililowaumiza.

Treni inapozunguka duara wima, kasi yake haiwi moja. Ikipanda inachoka, ikishuka inapata nguvu. Ili abiria wasiachane na viti pale juu, kigari lazima kifike juu na kasi fulani, na ili kifike na kasi hiyo, lazima kiingie kwa chini na kasi kubwa zaidi. Wanafunzi wa fizikia kidato cha tano hulipata jibu kwa mistari michache: kwenye duara, ukiacha msuguano, abiria anayepita juu kwa kasi ndogo kabisa inayoruhusiwa, pale chini anagandamizwa kwa nguvu sawa na mara 6 ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anakuwa kama ana kilo 360.

Kuna jambo hapa ambalo si rahisi kuliamini mara ya kwanza. Kulifanya duara kuwa kubwa hakusaidii kitu. Liwe la mita 7 au la mita 70, jibu ni lilelile, 6. Duara kubwa linadai kasi kubwa, na faida yote inaliwa na kasi hiyo. Mafundi wangeweza kujenga duara refu kuliko mnara wa kanisa na bado shingo zingeumia.

Hiyo 6 ni kwa mtu anayepita kwa kubahatisha, bila akiba ya kasi. Mwenye biashara hawezi kubahatisha, anaongeza kasi kidogo ili kigari kisikwame. Inakadiriwa kwamba Flip Flap iliwagandamiza watu mpaka kufikia mara 12. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Mara 12 ni kilo 60. Akina mama wa Magu wanaobeba ndoo ya lita 20 kichwani, kwa ngata na kwa shingo iliyonyooka, wajaribu kufikiria ndoo tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikitua kwa ghafla, bila ngata, kwenye shingo ambayo haikujiandaa.

Neno "ghafla" ndilo la kuangalia. Kwenye duara kamili treni inatoka kwenye reli iliyonyooka na kuingia kwenye mkunjo wote kwa mara moja. Hakuna mlango wala kizingiti. Sekunde hii mtu ana uzito wake, sekunde inayofuata ana mizigo ya watu wengine watano. Watu walishuka Flip Flap wakishika shingo. Mwaka 1902 ilikuwa imeshafungwa.

Edwin Prescott alikuwa amekwisha kuona tatizo. Mwaka 1901, hapohapo Coney Island, alifungua kitanzi kingine, Loop the Loop, ambacho hakikuwa duara tena bali kama yai lililosimama. Kilikuwa laini zaidi. Kilichokiua ni hesabu ya biashara: kigari kilibeba watu wanne tu kwa safari, na umati ulipenda kutazama wenzao wakigeuzwa kuliko kugeuzwa wenyewe. Kilifungwa mwaka 1910, na kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata, wajenzi wakubwa wakakiweka kitanzi kando. Dunia ilipigana vita mbili, ikarusha mtu mwezini, na treni ya michezo ikabaki ya mbao, ikipanda na kushuka vilima.

Mabadiliko yaliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia malighafi. Mwaka 1959 Disneyland, California, ilifungua Matterhorn, treni ya kwanza kubwa ya kisasa inayopita juu ya mabomba ya chuma cha pua. Mbao inapindwa kwa shida na inalegea kwa jua na mvua. Bomba la chuma linapindwa upande wowote, linachomelewa, na linabaki lilivyo. Kampuni ya Arrow iliyotengeneza reli hiyo ndiyo iliyothubutu kuwageuza watu tena: mwaka 1975, kwenye bustani ya Knott's Berry Farm, ilifungua Corkscrew, reli iliyosokotwa kama parafujo. Kilikuwa kijipindo cha kulala ubavu, bado si kitanzi cha wima.

Kitanzi cha wima kilirudishwa na Wajerumani wawili. Anton Schwarzkopf alikuwa fundi wa Bavaria aliyetoka kwenye familia ya kutengeneza magari ya maonesho na sarakasi, mtu wa chuma na moto wa kuchomelea. Werner Stengel, aliyezaliwa mwaka 1936, alikuwa mhandisi wa hesabu. Mmoja alikuwa na karakana, mwingine penseli, na ni ile penseli iliyojibu swali la mama wa Magu.

Stengel hakuanza na swali la juu, "watu wasidondoke vipi?" Alianza na la chini: "shingo zisivunjike vipi?" Jibu lake ni kwamba kitanzi kisiwe na mkunjo mmoja. Chini, ambako treni ina kasi kubwa, reli ikunje kwa upana sana, taratibu. Kadiri treni inavyopanda na kupoteza kasi, mkunjo uzidi kubana. Juu kabisa, ambako treni iko polepole, mkunjo uwe mwembamba, ili hata kwa kasi ndogo abiria waendelee kugandamizwa kwenye viti. Ukikitazama kwa ubavu, kitanzi hicho si duara. Kinafanana na tone la maji lililopinduliwa, mkunjo wake ukiwa mwembamba juu na mpana chini.

Umbo hilo wanahisabati wanaliita klothoidi, kutokana na jina la Klotho, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale aliyesokota uzi wa maisha. Wala halikuwa geni. Wajenzi wa reli na barabara walikuwa wakilitumia muda mrefu kwenye kona za kawaida, zile za kulala chini. Dereva wa basi la Mwanza kwenda Musoma akiikaribia kona hazungushi usukani wote kwa mpigo mmoja, anauzungusha kidogo, anaongeza, anaongeza, mpaka kona imekamilika, kisha anaurudisha vivyo hivyo. Njia inayochorwa na matairi yake wakati anauzungusha ndiyo klothoidi. Barabara nzuri imechorwa hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana abiria hasikii kona. Stengel aliichukua kona ya barabara akaisimamisha wima.

Tarehe 8 Mei 1976, kwenye bustani ya Magic Mountain kaskazini mwa Los Angeles, treni yao ilifunguliwa kwa umma. Iliitwa Great American Revolution kwa kuwa Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru. Kitanzi chake kilikuwa na urefu wa mita 27 kwenda juu, zaidi ya mara tatu ya Flip Flap, na treni ilikimbia kama kilomita 88 kwa saa. Abiria waligandamizwa kwa karibu mara 5 ya uzito wao, kwa muda mfupi, na mzigo huo uliingia taratibu na kutoka taratibu. Walishuka wakicheka.

Na mkanda? Hapa ndipo kijana wa Johannesburg anapaswa kusikiliza. Mwaka 1976 abiria wa Revolution walishikwa na chuma kimoja tu cha mapajani. Baadaye, wakati wasimamizi wa bustani nyingi walipoingiwa na wasiwasi uleule wa mama, vikaongezwa vizuio vikubwa vya mabega. Vilikuwa vigumu, na watu wakaanza kulalamika kwamba vinawagonga masikio na shingo. Mwaka 2016, treni ikitimiza miaka 40, vizuio vya mabega viliondolewa na chuma cha mapajani kikarudi. Kitanzi hakikuguswa hata sentimita moja.

Ile treni ya kwenye video nayo ni ya karakana hiyohiyo. Golden Loop ya Gold Reef City, Johannesburg, ilitengenezwa na Schwarzkopf. Maisha yake ilianzia mbali: kuanzia mwaka 1977 hadi 1988 ilikuwa Carowinds, bustani iliyo kwenye mpaka wa North Carolina na South Carolina, Marekani, ikiitwa White Lightnin'. Ikafunguliwa bolti moja baada ya nyingine, ikavuka bahari, ikasimikwa juu ya ardhi ya mgodi wa zamani wa dhahabu wa Crown Mines, kwenye shimo namba 14. Wazee wa Mbeya na Tukuyu wanaokumbuka Wenela, shirika lililowaajiri vijana wa Tanganyika kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, wangeshangaa kidogo kuona vijana wa leo wakilipa ili kutikiswa mahali ambapo wengine walilipwa kushuka shimoni.

Mpangilio wa Golden Loop unafaa kwa eneo dogo. Treni haivutwi juu kwa mnyororo kama nyingi, inasukumwa kwa nguvu kutoka kituoni, inapita kitanzi, inapanda kilima kirefu kisichoelekea popote, inaishiwa nguvu, inarudi nyuma, inapita kitanzi tena kinyume, inapita kituoni bila kusimama, inapanda kilima cha upande wa pili, na inaporudi inashikwa na breki. Yule aliyesimama huko juu "kana kwamba amesahau kitu" hakusahau. Nguvu ya kwenda mbele ilikwisha, na ya kurudi ilikuwa bado haijaanza.

Mama aliuliza pia swali ambalo watu wazima huona aibu kuliuliza: umeme ukikatika treni ikiwa kichwa chini? Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa si swali la mzaha. Jibu ni kwamba ndani ya kitanzi treni haiendeshwi na umeme. Imeshapewa nguvu yake yote kabla ya kufika, kama jiwe lililokwisha kuachiwa. Umeme ukikatika, inamaliza kitanzi kama kawaida. Ikitokea ikakosa nguvu ya kumaliza, inateleza kurudi chini ilikotoka na kubembea mpaka itulie. Na haiwezi kuachana na reli, kwa sababu behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu ya bomba yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayozuia kuyumba, na ya chini ya bomba yanayozuia kunyanyuka. Bomba limekumbatiwa pande tatu. Wazo la magurudumu ya chini ni la Mmarekani John Miller, aliyelipatia hataza mwaka 1919, enzi za treni za mbao.

Breki nyingi za kisasa ni za sumaku. Bamba la shaba au aluminiamu lililo kwenye treni likipita kwa kasi kati ya sumaku, sumaku zinalipinga, bila kugusana na bila umeme wa nje. Hata gridi ya taifa ikilala, breki hiyo inafanya kazi. Na kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kukata tiketi, mafundi wa bustani makini hutembea wakikagua reli na bolti, kisha treni inakimbizwa tupu. Treni mpya hujaribiwa na wanasesere wa plastiki waliojazwa maji wapate uzito wa mtu. Ndoo ya binti wa Magu ina ndugu zake kule.

Kama reli ni nzuri hivyo, watu wanaumia wapi siku hizi? Tukio la Alton Towers, Uingereza, linajibu vizuri kuliko hesabu. Treni yao iitwayo The Smiler, iliyofunguliwa mwaka 2013, inawageuza abiria mara 14 katika safari moja, rekodi ya dunia. Treni za aina hii zikiwa kadhaa kwenye njia moja, reli hugawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia kipande ambacho mwenzake hajatoka. Ni kanuni ileile ya reli za kawaida. Tarehe 2 Juni 2015 treni tupu ya majaribio ilikwama njiani. Kompyuta iliiona na ikazuia treni iliyokuwa na watu 16. Wahandisi walidhani kompyuta imekosea. Wakaipuuza, wakairuhusu treni yenye watu iendelee, na ikaigonga iliyokwama. Wasichana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni inayoendesha bustani hiyo faini ya pauni milioni 5.

Vitanzi vyote vya Smiler vilikuwa vizima siku hiyo. Chuma kilikuwa kizima, magurudumu yalikuwa mazima, na hata kompyuta ilikuwa imesema kweli. (Golden Loop, kwa bahati, ina treni moja tu, haina wa kugongana naye.)

Hapo ndipo mzazi wa Magu, ambaye huenda asifike Johannesburg maisha yake yote, anapoingia. Sikukuu za Idi na Krismasi viwanja vyetu vinajaa bembea za kuzunguka, vitoroli na majumba ya hewa. Hakuna kitanzi hata kimoja, na wazazi wanalipa bila kuuliza, kwa kuwa kitu kikiwa chini huonekana salama. Mwenye bembea aulizwe ni nani aliyekaza bolti asubuhi, na ni nani anayeshika swichi sasa hivi: ni yeye, au ni mtoto wa jirani aliyeachiwa kwa muda ili mwenye mali akanywe chai? Jumba la hewa lililofungwa kwa kamba ya katani kwenye matofali mawili lisiingiwe siku yenye upepo wa ziwa. Bembea inayolia ikizunguka inatakiwa isimamishwe na kukaguliwa, hata kama foleni ni ndefu na watoto wanalia.

Kwa wanaobahatika kufika kwenye treni yenyewe, mjamzito, mwenye presha au ugonjwa wa moyo, na mwenye matatizo ya shingo au mgongo wabaki chini na kushika mikoba ya wengine. Simu zibaki nazo, kwa sababu kiti kinamgandamiza mwenye simu, si simu iliyo mfukoni mwa shati.

Kisha kuna ile fimbo ya kupimia urefu pale mlangoni, ambayo wazazi wengi huiona kama ukaidi wa wafanyakazi na huanza kubembeleza: "Bado sentimita mbili tu, mwenzake darasa moja ameingia." Chuma cha mapajani kimetengenezwa kishike nyonga. Mtoto mfupi nyonga zake ni ndogo na mapaja yake ni mafupi, chuma kinaweza kumshika tumboni au kumwacha na nafasi ya kuchomoka, na hilo haliangalii ujasiri wake wala darasa lake. Apimwe akiwa amevua viatu, visigino vikigusa chini.